Kashata za Bendera

Ijumaa, 12 Agosti 1966

Dada Umulkheir ameondoka. Mama mkwe wake ameanguka huko Chundwa akaumia nyonga, hana wa kumwuguza, na shemeji yumo melini, Mungu ndiye ajuaye bandari gani. Nyumba yote imebaki mikononi mwangu. Nyumba, watoto watatu, na jiko.

Hapana. Jiko sikuachiwa. Hilo nimelijua gatini, mashua ya Mtangawanda ikiwa imekwisha kufunguliwa kamba, nami siwezi tena kujibu. Alhamisi ijayo Mahfudha, mkubwa wao, anahitimu Kurani. Lazima ziende chuoni sinia za vitu vitamu, ili wenzake wale na kumwombea. Dada akapaza sauti kutoka mashuani kwamba atakayepika ni Bi Radhiya, jirani. Kazi yangu ni kuleta kuni. Nisiguse kitu. Neno hilo la kutogusa alilirudia mpaka mwenye mashua akacheka.

Bi Radhiya! Yule ambaye kashata yake iliningʼoa jino arusini, mbele ya watu! Yeye husema jino lilikuwa bovu. Lilikuwa zima. Lilikuwa jino langu bora.

Nimeamua jioni hii. Tutapika wenyewe, mimi na watoto. Mahfudha ameniuliza kama najua kupika. Nimemweleza kwamba kupika ni akili tu, mkono hufuata. Akaniuliza tena kama najua kupika.

Nimemtuma Yunusi, wa pili, akamwambie Bi Radhiya ahsante, msaada wake hauhitajiki. Yunusi amerudi akilikariri jibu asije akalisahau: "Mwambie mjombako, kheri. Lakini atafute meno kwanza, kisha ndipo aonde alichokipika."

Vita.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimeitisha mkutano jikoni. Jiko letu liko darini, juu ya paa bapa la nyumba, na kati yetu na dari ya Bi Radhiya pana ukuta. Ukuta ni mfupi mno. Sijui fundi alifikiri nini.

Mahfudha anataka mkate wa sinia kama anaopika mamake. Yunusi anataka visheti, kwa kuwa visheti hukatwa kwa kisu. Barka, kitinda mimba wetu, ambaye hata chuoni hajaanza, anataka kula sasa hivi.

Nimewasikiliza wote kwa heshima, kisha nikatoa langu. Mkate wa sinia, sawa. Visheti, sawa. Lakini hivyo kila mtu hupika! Sisi tutapika kitu ambacho mji huu haujapata kukiona. Kashata za bendera! Nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, na mistari myeupe ya nazi. Nti imekuwa huru, kashata nazo ziwe huru. Bi Radhiya anapika kashata za rangi gani? Nyeupe tupu. Za kikoloni kabisa.

Mahfudha akauliza nani atakula kashata nyeusi. Nikamkumbusha halwa. Akasema halwa si nyeusi. Nikafunga mkutano.

Jumapili, 14 Agosti

Mazoezi. Mahfudha amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, mkono wake ni mwepesi. Yunusi alipewa kazi ya kuvunja nazi, akanimwagia maji yote miguuni. Barka alilinda bakuli. Nazi ilikunwa na kukunwa, na bakuli halijai. Tukachunguza. Mlinzi alikuwa na nazi mpaka masikioni.

Sukari nikaiweka motoni mwenyewe. Nikamkataza Mahfudha asiguse mwiko, maana shira ni kazi nyeti. Mara nikaitwa chini. Bwana Phineas, karani wa ofisi ya samaki, mtu wa bara na rafiki yangu mkubwa, alikuwa ameketi dakani kwetu, kwenye kile kibaraza cha mlangoni, anataka habari. Nikampa habari za kashata. Alisimama kwa hisia. Alisema hajasikia wazo la kizalendo kama hilo tangu ahamishiwe pwani.

Mahfudha aliita kutoka juu kwamba inatoa moshi. Nikamwambia wakubwa wanazungumza. Akaita tena. Nikamwambia tena.

Nilipopanda, jiko lilikuwa halionekani. Kutoka upande wa pili wa moshi, sauti ya Bi Radhiya ikauliza kwa upole kama siku hizi watu wanachoma chokaa katikati ya mji.

Nilikuwa nafurahi. Rangi nyeusi imepatikana! Siku ya kwanza tu! Tatizo ni dogo, haitoki kwenye sufuria. Tumejaribu kisu, patasi na maji ya moto. Sufuria ukiigonga sasa inalia kama kengele. Yunusi ameipenda.

Jumatatu, 15 Agosti

Mkate wa sinia. Mahfudha alikuwa ameroweka mchele tangu jana bila ya kuambiwa na mtu. Nimempongeza kwa kunitii.

Bwana Phineas amekuja kutusaidia. Kumbe ni mjuzi! Shuleni kwake alikoishi bwenini, kule karibu na Kakamega, alipikia watoto wa shule nzima. Ameyasema haya huku amevua koti la ofisi na kukunja mikono ya shati. Tulitwanga mchele kwa zamu. Tukachuja tui, tukatia iliki na sukari. Mahfudha akapima kijiko cha hamira, akasema mama hutia hiki tu. Bwana Phineas akacheka cheko la fundi. Watu wengi, hamira nyingi! Akageuza kopo.

Nilimwunga mkono. Mgeni haaibishwi mbele ya watoto.

Tukakiweka chungu penye jua kali, ukingoni mwa dari, karibu na mlizamu unaotoa maji ya mvua. Tukateremka kunywa kahawa.

Uji ule ukaumuka. Ukaumuka kupita kiasi. Ukapanda, ukafurika, ukaingia mlizamuni na kushuka kichochoroni. Na ni nani aliyekuwa akipita kichochoroni, katika buibui jipya ambalo halijafuliwa hata mara moja, akienda kuwapa watu mkono wa tanzia?

Nilichungulia kutoka juu. Lilikuwa buibui jeusi. Lilikuwa. Nikamwambia kwamba nyeupe inampendeza. Nilisema kwa nia njema kabisa.

Bi Radhiya hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinua uso akasema, "Wazir, wallahi sasa hata ukiya kunipigia magoti, sikupikii."

Nikamjibu kwamba magoti yangu yana kazi nyingine. Jibu zuri. Nasikitika tu kwamba alikuwa amekwisha kuingia ndani.

Baadaye nimembana Bwana Phineas. Amekiri. Huko shuleni alikuwa akikata kabichi. Tena kwa adhabu.

Jumanne, 16 Agosti

Mchele umekwisha. Tui limekwisha. Hamira ndiyo usiseme. Mkate wa sinia hautakuwapo. Nimewaeleza watoto kwamba mkate wa sinia umepitwa na wakati.

Yunusi alikubali. Barka alikuwa akilamba mwiko. Mahfudha alisema, "Ndiyo, mjomba," akateremka.

Nilimkuta ngazini. Alikuwa ameupakata msahafu, akisoma sura zake za mwisho kwa sauti ya chini, na machozi yanamtoka huku anasoma. Hakukosea hata herufi. Yunusi ndiye aliyeniambia. Wasichana wa chuoni wanamcheka. Wanasema kwenye hitima ya Mahfudha, siku ya kuhitimu kwake, watu watakula makaa.

Nimekaa kwenye ngazi ile muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Mtoto amesoma miaka yote hii, mvua na jua. Siku yake ni moja.

Mtu mwingine angekwenda kwa Bi Radhiya. Nilifika hadi mlangoni kwake, sikatai. Niliinua mkono kubisha. Nikasikia mchi ukitwanga ndani, na iliki inanukia, na nikajua anawapikia watu wengine, watu wenye bahati. Nikashusha mkono. Sitampa raha ya kuniona.

Tukapika visheti. Nilisimama katikati ya jiko nikatoa amri. Mahfudha alikanda unga kwa samli kama nilivyokuwa karibu kumwambia. Akausukuma, Yunusi akakata, Barka akapanga vipande kwenye ungo na kuvihesabu kwa hesabu anayoijua mwenyewe. Mahfudha alikaanga, mimi nikashika karai lisiyumbe. Shira hakunipa. Alinitazama tu, nikampa mwiko mwenyewe.

Vimetoka vyekundu vya dhahabu, vinang'aa sukari. Mahfudha alikionja kimoja, akakionja kingine. Kisha akacheka. Ni mara ya kwanza tangu mamake aondoke.

Amri zangu zilikuwa nzuri sana.

Jumatano, 17 Agosti

Habari! Nahodha wa mashua amepita kusema kwamba mgonjwa hajambo na dada yuwaja kesho. Ataikuta hitima imekwisha kufanywa, na imefanywa na nani? Na kaka yake!

Leo tumepika kashata. Nimejifunza kutokana na Jumapili. Leo sikuondoka jikoni. Nyeusi nimeiunguza kwa makusudi, mbele ya macho yangu, na nikaiepua wakati wake. Nyekundu imekwenda vyema. Kijani kilikuwa kimepauka, kijani cha jani lenye ugonjwa. Nikaongeza rangi. Bado. Bendera ya taifa haiwezi kuwa ya hivyo. Nikamimina kichupa chote, nikakisuuza kwa maji, na maji nayo nikayamimina. Mahfudha alisema, "Mjomba, inatosha." Nikamwambia uhuru hautoshi.

Barka alichovya kidole. Kidole mpaka sasa ni cha kijani. Tumekisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni. Nimemfundisha kukificha mfukoni.

Lakini sinia! Ah, sinia! Mstari juu ya mstari, nyeusi, nyekundu, kijani, na nazi nyeupe katikati. Tukakata vipande vya mstatili. Bwana Phineas alipanda kuona, akasimama wima, mikono ubavuni. Yunusi naye akasimama wima. Hata Mahfudha alisema zinapendeza kutazama.

Bi Radhiya alichungulia juu ya ukuta. Aliziangalia kashata, akaniangalia mimi, akaangalia sana uso wa Mahfudha. Akaondoka bila ya neno.

Kimya! Nimemnyamazisha Bi Radhiya! Tarehe hii nisiisahau.

Alhamisi, 18 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia pazuri.

Mahfudha alivaa kanzu yake mpya, akaenda mbele, sisi nyuma na sinia. Wanaume hatuingii, mwalimu wao ni bibi mtu mzima, basi mimi na Bwana Phineas tulikaa nje dirishani. Akaanza kusoma. Kichochoro chote kilitulia. Hata mwenye punda aliyekuwa akipita alisimama, akamshika punda pua asilie. Sauti ilikuwa nyembamba mwanzoni, kisha ikasimama sawasawa, na ikaenda hivyo mpaka mwisho. Bwana Phineas si Mwislamu na haelewi hata neno, lakini aliniuliza kwa nini nalia. Nilimwambia ni vumbi. Mwalimu akaomba dua, watoto wote wakaitikia amina kwa kelele ya njaa.

Basi sinia zikafunguliwa.

Visheti vilikwisha kabla sijageuka. Kashata nazo wakazivamia. Mwalimu, kwa heshima, alianza na upande mweusi. Nilimwona kwa dirisha. Alitafuna, akasimama, akafikiri, akatoa leso. Watoto nao walikuwa werevu. Waliuvunja mweusi wakautupa, wakala nyekundu na kijani. Mvua ya mabendera yaliyokatwa kichwa!

Sikuwa na wakati wa kukasirika. Mama mmoja alipita mlangoni, mwanawe akamwita kwa furaha, na alipofungua kinywa, ulimi ulikuwa kijani, meno kijani, mpaka koo kijani. Mama akapiga ukelele uliosikika hadi Mokowe, ng'ambo ya maji. Wana wametiliwa sumu! Kufumba na kufumbua kichochoro kimejaa. Nilijaribu kueleza. Nani anisikilize? Mtu mmoja alinishika kwenye ukosi wa kanzu, bila sababu yoyote.

Akaletwa dresa wa zahanati, Bwana Wanyama, mbio, mkoba mkononi, kofia imebaki njiani. Akawapanga watoto wote mstari mmoja nje ya chuo na kuwaamuru watoe ndimi. Wakatoa. Walifurahi mno. Walikuwa wakishindana nani kijani zaidi, na wale waliokula kidogo wakalia kwa uchungu.

Na hivyo ndivyo alivyotukuta dada Umulkheir. Ametoka gatini moja kwa moja, furushi la nguo kichwani, na pale mbele yake mstari wa watoto wa mtaa mzima, ndimi nje, na mimi nimeshikwa ukosi.

Alisema, "Wazir." Basi. Jina langu tu. Sijapata kulisikia likisemwa vibaya vile.

Bwana Wanyama alikuwa ameomba kipande, akakinusa, akakila, akatangaza kwa sauti ya serikali kwamba ni rangi ya chakula, haina madhara, ila ni nyingi kupita akili. Watu wakapumua. Ukosi wangu ukaachiwa. Ulimi wa Bwana Wanyama ulikuwa kijani kwa muda wote aliokuwa akiwahutubia.

Ndipo umati ukapasuka katikati. Bi Radhiya. Nyuma yake wasichana wawili wenye sinia vichwani. Mkate wa sinia, ungali wa moto, na kaimati, mlima. Aliwapita watu wote, akanipita mimi kama nguzo, akaziweka mbele ya Mahfudha.

Nikasema, "Bi Radhiya, uliapa hunipikii."

"Wewe sikukupikia," akasema. "Huyu mwana ana makosa gani?"

Kumbe mchi ule niliousikia Jumanne! Mtu anatwangia mtu hata hamwambii! Huo nao ni ustaarabu gani?

Mahfudha alimkumbatia kiunoni. Akakata mkate, kipande cha kwanza akampa mwalimu, cha pili mamake, cha tatu Bi Radhiya. Kisha akaja kwangu na cha nne. Alikuwa pia na visheti ambavyo alivifunga pembeni ya mtandio tangu asubuhi visiliwe. Akamwambia mamake, "Hivi tulipika na mjomba. Alishika karai."

Dada alivila. Alivila vyote. Alinitazama kwa muda, na sasa macho yake hayakuwa ya ukali ule.

Nilitazama dirishani. Vumbi tena.

Ijumaa, 19 Agosti

Hukumu imetoka. Jiko ni marufuku kwangu. Naruhusiwa kupanda darini kwa kuanika nguo tu, na mikono iwe inaonekana. Dada ameiona ile sufuria. Ameniuliza ni nini. Nilimwambia ni rangi nyeusi.

Nimetumwa kwa Bi Radhiya kumpelekea buibui jingine, zawadi kutoka kwa dada, na kuomba radhi. Nimepeleka buibui. Kuhusu radhi, nilimwambia mkate wake wa jana ulikuwa mzuri, iliki tu ilizidi kidogo. Kwangu mimi hayo ni mengi. Alilipokea buibui, akaniuliza nilikula vipande vingapi ndipo nikajua kwamba iliki imezidi.

Sikuwa nimehesabu.

Lakini sikilizeni! Tangu alfajiri mlango wetu unabishwa. Watoto! Watoto wa Mkomani, watoto wa Langoni, watoto nisiowajua baba wala mama. Wote wanataka kashata ya kijani. Waliokosa jana wamelia usiku kucha. Na mlango wa Bi Radhiya? Nimeutazama mchana kutwa kutoka dakani. Hakubisha hata paka.

Jumamosi, 20 Agosti

Siku njema kuliko zote.

Bwana Phineas amenong'oneza kwamba ofisini wanatafuta mtu wa kusimamia vitu vitamu vya watoto siku ya sherehe za Jamhuri, mwezi wa Disemba. Watoto wa Lamu yote, na wa Mokowe watavushwa kwa mashua. Wakubwa hawajui waanzie wapi. Nimekwenda mwenyewe, kanzu imepigwa pasi. Nimewaambia watulie, wamempata mtu. Wakaniuliza kama nina uzoefu wa kupikia watoto. Nikawaambia waulize mji mzima, kila mtu anazungumza habari zangu.

Rangi tatu hazitoshi. Nimepanga kupika halwa kubwa ya ramani ya nti nzima, na maziwa na milima yake, na bahari ya buluu. Bwana Phineas atasimamia hamira. Halwa haina hamira, lakini mtu amejitolea.

Dada hajajua. Ataambiwa wakati wake, karibu na Disemba, akiwa ameshiba.

Wakubwa waliuliza pia kama ninaye msaidizi anayeaminika. Nikawaambia ninaye, na yuko tayari kwa lolote nitakalomwamuru. Nikawatajia Bi Radhiya. Walifurahi sana, wakaniambia nimpe salamu.

Nimeshafika mlangoni kwake mara tatu tangu alasiri kumpa salamu hizo. Nimeona afadhali nimtume Yunusi.